Kwinini, Mashine na Masikio ya Babu

Kwetu Bukavu, sikio likikulilia watu husema kuna mtu anakusema. Wengine huongeza kwamba likilia la kulia unasifiwa, na likilia la kushoto unasengenywa. Nilipokuwa mdogo niliamini maneno hayo, na kwa hiyo nilimhurumia sana babu yangu mzaa baba, kwa sababu masikio yake yalilia yote mawili, usiku na mchana, kwa zaidi ya miaka 50. Nilijiuliza ni nani hao wasiochoka kumsema mzee mmoja asiye na ng'ombe wala shamba kubwa.

Babu mwenyewe hakuamini habari za kusemwa. Alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kwa kila aliyemuuliza: "Kinini njo iliniharibia masikio." Hicho ni Kiswahili chetu cha nyumbani. Maana yake ni kwamba kwinini, ile dawa chungu ya malaria, ndiyo iliyomharibia masikio. Watoto wake waliipokea hukumu hiyo, na sisi wajukuu tukaipokea kutoka kwao, bila mtu kuichunguza.

Katika insha hii nitaichunguza. Ninafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya kwinini ni historia ya milima yetu ya Kivu, na mwanafunzi anapaswa kuanza na yaliyo karibu naye. Pili, hukumu ya babu ilisababisha kifo cha mtoto mmoja wa ukoo wetu.

Mti uliotoka mbali

Kwinini hutoka katika ganda la mti wa sinkona, ambao wazee wa kwetu huuita kwa jina la dawa yake: mti wa kinini. Asili yake si Afrika. Ni mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Ganda lake lilifika Ulaya katika karne ya 17, likisafirishwa na mapadri Wajesuiti, na watu wakalisaga na kulinywa pamoja na divai ili kutibu homa. Mwaka 1820, wanasayansi wawili wa Ufaransa, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou, walifaulu kuitenga dawa yenyewe kutoka katika ganda. Tangu hapo daktari aliweza kuipima dawa kwa mizani badala ya kukisia kwa vijiko vya unga wa ganda.

Baada ya hapo mataifa ya Ulaya yaliutafuta mti huo kwa kila njia, kwani bila kwinini maofisa na askari wao walikufa upesi katika nchi za malaria. Mwaka 1865 Waholanzi walipata mbegu bora kupitia Mwingereza Charles Ledger, wakazipanda katika kisiwa cha Java. Aliyezikusanya msituni alikuwa Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia. Kwa kazi hiyo Mamani alifungwa na kupigwa, na akafa kwa mateso hayo. Mbegu zake ndizo zilizoifanya Java itoe takriban asilimia 90 ya kwinini ya dunia nzima kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Katika ukanda wetu, Wajerumani waliupanda mti huo Amani, katika milima ya Usambara, ambako walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli zao zilipozuiwa baharini, jeshi la Lettow-Vorbeck lilichemsha maganda ya Usambara na kunywa maji yake machungu, ambayo askari waliyapa jina la utani, Lettow-Schnaps, yaani pombe ya Lettow. Wabelgiji nao waliupanda Kivu, mahali penye baridi na mvua ya kutosha. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, nchi zilizokuwa zikipigana nao zilikosa kwinini, na mashamba yetu yakawa na thamani kubwa kuliko zamani. Serikali ya Kongo ya Kibelgiji iliwalazimisha wanavijiji kufanya kazi za vita hadi siku 120 kwa mwaka. Hivyo ndivyo mti wa Andes ulivyogeuka kuwa kazi ya mtu wa Kivu.

Mlio uliokuwa kipimo

Sasa nije kwenye masikio. Je, babu alidanganyika aliposema kwamba kwinini huyaliza masikio? Hapana. Jambo hilo ni kweli, na lilijulikana zamani sana. Mtu akimeza kwinini ya kutosha kutibu malaria, mara nyingi masikio yake hulia, usikivu hupungua, kichwa huuma, tumbo huchafuka, na pengine macho huona ukungu. Madaktari wameipa hali hiyo jina linalotokana na jina la mti wenyewe, sinkonizimu.

Kinachonishangaza ni jinsi mlio huo ulivyotumiwa. David Livingstone alipokuwa katika safari yake ya mto Zambezi, kati ya mwaka 1858 na 1864, aliwatibu wenzake kwa vidonge alivyovitengeneza mwenyewe, vyenye kwinini pamoja na dawa za kuharisha. Katika kitabu alichokitoa pamoja na ndugu yake Charles mwaka 1865, alieleza kwamba baada ya vidonge hivyo mgonjwa alipewa kwinini nyingi kila baada ya saa mbili au tatu, mpaka uziwi au dalili nyingine za kwinini zitokee. Hapo ndipo tiba ilipohesabiwa kuwa imekamilika.

Msomaji atazame vizuri jambo hili. Kwa Livingstone, masikio ya mgonjwa yalikuwa mizani. Yalipolia, daktari alijua kwamba dawa imefika mwilini kwa kiasi cha kutosha. Hakuwa na maabara wala njia ya kupima damu porini, kwa hiyo alilisikiliza sikio. Januari mwaka 1867, katika safari yake ya mwisho, sanduku lake la dawa liliibiwa, naye akaandika kwamba alijiona kama mtu aliyehukumiwa kifo. Aliuogopa ukimya wa masikio kuliko mlio, kwa sababu ukimya ulimaanisha hana kwinini.

Basi mlio huohuo ulikuwa na maana mbili. Kwa aliyetoa dawa, ulikuwa habari njema. Kwa aliyeimeza bila kuelezwa, ulikuwa sumu iliyokuwa ikimla kichwani. Tofauti ilikuwa ni maelezo tu, nayo maelezo hayakugawiwa mashambani pamoja na vidonge.

Lakini kuna jambo moja zaidi ambalo linaitia shaka hukumu ya babu. Mlio wa kwinini kwa kawaida hauishi muda mrefu. Dawa ikitoka mwilini, baada ya siku chache, masikio hutulia. Mtu anayemeza kidonge kimoja kimoja kujikinga, kama walivyofanya wafanyakazi wengi wa zamani, humeza kiasi kidogo kuliko mgonjwa. Babu aliacha kumeza vidonge vya shamba alipoacha kazi. Kwa nini masikio yake hayakuacha kulia?

Mashine

Nilipata jibu mwaka 2014, nikiwa na miaka 15. Mwalimu wetu wa historia alitutuma tuwahoji wazee kuhusu kazi walizofanya ujanani. Nilikaa na babu barazani nikiwa na daftari.

Nilijua tangu zamani kwamba babu alifanya kazi katika shamba la kinini. Nilidhani alikuwa mchuma maganda: mtu anayeangusha mti, anayegonga shina na matawi kwa gongo mpaka ganda lilegee, kisha analimenya. Kumbe alifanya kazi hiyo kwa miezi michache tu. Mwaka 1954, akiwa kijana wa miaka 18 hivi, alihamishiwa kwenye mashine iliyosaga maganda makavu yawe unga. Alisimama kando yake akiilisha maganda kwa miaka 11. Chumba kilikuwa na kuta za matofali na paa la bati, na vumbi chungu lilijaa mdomoni kutwa nzima. Walizungumza kwa mikono, maana hata ukipiga kelele sikioni mwa mwenzako hakusikii. Nilimuuliza kama walipewa kitu cha kuziba masikio. Alicheka.

Nikamuuliza mlio ulianza lini. Alisema mwanzoni ulikuja jioni tu, akitoka kazini, kama nyenje wengi juu ya mti mmoja. Asubuhi alikuta umekwisha. Baadaye ulidumu mpaka Jumapili. Mwisho haukuondoka tena, na sauti za watoto na za ndege zikaanza kupotea.

Ndipo nikauliza swali ambalo sikujua uzito wake. "Babu, wale wa kwenye kitalu cha miche walimeza kinini kama ninyi?"

"Sisi wote tulimeza. Kila juma, mbele ya karani."

"Na wao masikio yao yalilia hivyo?"

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani hakunisikia, nikataka kurudia swali. Kisha akajibu polepole: "Ba kitalu? Hapana. Ni siye ba mashini."

Wale wa kitalu, hapana. Ni sisi wa mashine.

Siku hizi najua kwamba babu na wenzake hawakuwa wa kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 18, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini, aliyeandika juu ya magonjwa ya watu wa kazi, aliwaeleza wafua shaba wa Venice ambao kugonga nyundo kutwa nzima kuliwaharibu masikio mpaka uzeeni wakawa viziwi. Mwaka 1886, daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 waliotengeneza boila za mvuke, watu waliofanya kazi ndani ya matangi ya chuma huku nyundo zikigonga nje. Hakumpata hata mmoja mwenye usikivu kamili. Kwa hiyo, babu aliposimama kando ya mashine ile mwaka 1954, madhara ya kelele yalikuwa yameandikwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 200.

Wataalamu wanaeleza hivi. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono, na ndani yake kuna seli kama 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana. Sauti ikiingia, vinyweleo hutikisika kama majani ya mtama shambani, na ubongo hupata habari. Kelele kubwa ya muda mrefu huvilaza vinyweleo hivyo. Kama ni jioni moja tu, huweza kuinuka tena, na mlio ukaisha asubuhi. Kama ni miaka 11, seli hufa, na kwa binadamu hazioti tena. Ubongo, ukikosa habari uliyoizoea, huongeza nguvu ya kusikiliza, na mtu husikia mlio ambao haupo nje. Ndiyo maana siku hizi kanuni za kazi katika nchi nyingi hudai kinga ya masikio kelele inapofika desibeli 85 kwa siku ya saa 8.

Ukiyaweka pamoja, maelezo ya babu yanalingana na mashine kuliko dawa: jioni kwanza, kisha Jumapili, kisha siku zote, na wa mashine tu. Kwinini ilikuwepo pale pale, chungu mdomoni, ikiwa na sifa yake ya kuliza masikio, na kwa hiyo ikabeba lawama. Isitoshe, mashine ilimlipa mshahara. Ni vigumu kuilaumu kazi inayokulisha.

Mwaka 2004

Sasa nieleze kuhusu mtoto.

Shangazi yangu alikuwa na mwana wa miaka 8, binamu yangu. Mwaka 2004 alishikwa na malaria. Dawa ya kwanza haikumsaidia, na kwenye zahanati wakampa vidonge vya kwinini vya siku 7. Hawakumweleza shangazi kitu kingine ila idadi ya vidonge na saa za kumeza. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, lakini mtoto alianza kulia akiziba masikio kwa viganja. Alisema kuna kengele kichwani na kwamba hamsikii mama yake vizuri.

Babu alikuwepo. Alimpenda mtoto huyo, naye aliujua mlio. Kwa miaka mingi aliishi nao, akalala nao, akashindwa kusikia mahubiri kanisani kwa sababu yake. Aliamuru dawa itupwe. Alisema hatakubali mjukuu wake apate masikio kama yake. Shangazi alitii, kama binti yeyote wa kwetu angemtii baba yake, na zaidi kwa sababu ushahidi ulikuwa mbele yake: baba kiziwi na mtoto anayelia.

Masikio ya mtoto yalitulia baada ya siku mbili. Nyumbani walifurahi. Baada ya siku chache homa ilirudi kwa nguvu, mtoto akapatwa na degedege, na walipomfikisha hospitali alikuwa amechelewa. Alifariki usiku huo.

Nilikuwa na miaka 5, na ninachokumbuka ni viti vingi uani. Mwaka 2010 mimi nami nilipewa kwinini, nikiwa na miaka 11. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa mama mnene mwenye sauti ya juu. Alinishika bega akasema: "Mwanangu, kesho au keshokutwa masikio yatalia. Usiogope. Ni dawa inafanya kazi. Ukimaliza vidonge, yatanyamaza." Mama aliyasikia maneno hayo. Masikio yalilia kweli, nikamaliza vidonge, na siku ya pili baada ya kidonge cha mwisho yakanyamaza. Maneno yale yalichukua muda usiofika dakika moja.

Katika mwaka huohuo wa 2010, matokeo ya utafiti mkubwa yalitolewa. Ulifanywa katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kongo, Rwanda, Uganda, Tanzania na Kenya, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Kati ya waliotibiwa kwa kwinini, asilimia 10.9 walikufa. Kati ya waliochomwa sindano za artesuneti, asilimia 8.5 walikufa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri artesuneti itangulie. Tangu hapo kwinini imerudi nyuma, na pengine watoto watakaosoma insha hii hawataujua mlio wake.

Hata hivyo swali halijazeeka. Dawa nyingine huliza masikio, na si zote hutulia kama kwinini. Aspirini nyingi huyaliza, kisha huacha. Lakini baadhi ya sindano za kifua kikuu, kama streptomisini na kanamisini, ziliwaachia wagonjwa uziwi au kizunguzungu cha kudumu, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamisini isitumike tena kutibu kifua kikuu sugu. Pia mlio huweza kuletwa na nta iliyoziba sikio, na usaha wa sikio, na uzee, na muziki wa juu. Mlio unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, au wa sikio moja tu, au unaokuja na uziwi wa ghafla, unahitaji daktari upesi. Sauti inafanana, lakini kila moja ina historia yake, na mgonjwa hawezi kuitambua peke yake kama hakuna anayemuuliza: ulianza lini, ulikuwa wapi, na wenzako je?

Hitimisho

Siku ile barazani, baada ya kusema kwamba ni wa mashine, babu hakuendelea na mazungumzo. Aliomba maji, akanywa, akaingia ndani. Nilifunga daftari nikifikiri amechoka. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa amefika mwaka 2004 kabla yangu. Hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipofariki mwaka 2016, lakini tangu siku ile sikumsikia tena akiilaumu kinini. Mgeni akimuuliza kuhusu masikio yake, alijibu tu kwamba ni uzee.

Simlaumu babu. Alitoa hukumu kwa ushahidi aliokuwa nao, na waliokuwa na ushahidi zaidi hawakumpa. Mwenye mashine alijua kuhusu kelele au aliweza kujua. Karani aliyegawa vidonge aliweza kusema kwamba mlio wake hupita. Zahanati iliweza kumwambia shangazi maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu iliyosahauliwa katika orodha zote za magonjwa ya masikio: ukimya wa wanaojua.

Kabla ya kuileta insha hii nilimsomea shangazi yangu, kwa sababu kifo hicho ni chake kwanza. Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye swali la kitalu alinizuia kwa mkono, akatazama nje, kisha akaniambia niendelee. Nilipomaliza nilimuuliza kama nifute sehemu ya mwanawe.

Alisema: "Andika. Lakini andika na hii: baba yangu alikuwa anamlinda."

Nimeandika.